Shajara ya mradi: boksi la ramani lakataa wageni

Mradi wenyewe ni mdogo. Ofisi ya upimaji ardhi pale Kirumba, Mwanza, kompyuta sita, zitoke Windows 10 ziende Windows 11. Niliomba siku mbili. Naandika ili nikirudi mwakani nisijiulize nilifanya nini, na ili fundi mwingine akikutana na boksi kama hili asikeshe kama nilivyokesha mimi.

Jumatatu

Windows 10 ilikatiwa msaada tarehe 14 Oktoba 2025. Mzee mwenye ofisi alikuwa akinijibu "tutaona" tangu kabla ya hapo. Leo kaona, kwa sababu mteja wake mmoja mkubwa ameuliza kwa barua kama kompyuta za ofisi bado zinapokea marekebisho ya usalama.

Faili la usakinishaji wa Windows 11, toleo 24H2, nimelishusha mara moja tu, usiku, nyumbani Nyegezi. Gigabaiti tano na ushee, nikalitia kwenye flashi. Kulishusha mara sita kwa bando la ofisi ni kumfilisi mtu.

Tano zimekubali. Nne ni za mezani zenye Windows Pro, ile ya kazini, ya tano ni laptopu ya dada wa mapokezi, ambayo ni Home, ile ya nyumbani. Ya mchoraji nimeifuta kabisa nikaanza upya, ilikuwa imejaa takataka za miaka. Ya sita, ile kongwe ya chumba cha kuchapia, haina TPM 2.0, chipu ya usalama ambayo Windows 11 inaidai, na prosesa yake haimo kwenye orodha ya zinazokubaliwa, nimeiacha na Windows 10 yake.

Saa kumi na moja jioni zote zinawaka, printa inachapa, nimepanda daladala roho kwatu. Folda ya ramani sikuifungua hata mara moja. Hilo naliandika bila kulipamba.

Jumanne

Saa mbili kasorobo, simu. "Fundi, ramani zimepotea."

Hazikupotea. Ramani za ofisi hii hazikai kwenye kompyuta ya mtu yeyote. Zinakaa kwenye boksi, NAS, kisanduku chenye diski mbili zilizobeba kitu kilekile ili moja ikifa nyingine ibaki, kimewekwa juu ya kabati la mafaili na waya wake umeingia kwenye swichi, kile kisanduku kinachounganisha nyaya za mtandao wa ofisi. Ndani mna folda moja, RAMANI, terabaiti 1.4: michoro ya viwanja, ramani za zamani zilizoskaniwa ambazo koodineti zake bado ni za Arc 1960, mfumo wa zamani wa upimaji, na picha za droni. Droni ndiyo mlaji. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, vijana wa fildi wanavuka kwenda Sengerema na kurudi siku hiyohiyo bila kupangia ratiba ya kivuko, basi kila jioni wanarudi na kadi iliyojaa.

Kwenye zile nne za mezani, ukibofya Z, herufi inayofungulia RAMANI, inatafakari kidogo, halafu: njia ya mtandao haikupatikana, 0x80070035. Moja ilikuwa na maneno zaidi. Ilisema huwezi kufungua folda hii kwa sababu sera za usalama za taasisi yenu zinamzuia mgeni asiyejitambulisha. Mzee aliisoma mara mbili, akavua miwani.

"Sera za taasisi? Taasisi ni mimi. Mimi sijaweka sera yoyote."

Saa mbili zilizofuata nilizitumia vibaya. Nilibadili waya. Nilizima raota nikaiwasha. Niliona mtandao umejiandika kuwa wa hadharani, nikaurudisha kuwa wa binafsi. Nilizima kinga ya virusi, nikaiwasha tena kwa aibu. Boksi lilijibu ping, yaani ukiliita kwenye mtandao linaitika, muda wote huo, na kwa kweli jibu hilo lingenitosha kuacha kuchezea nyaya.

Kwa anayeanza kazi hii: boksi kutoonekana kwenye dirisha la Network si ushahidi wa lolote. Lile dirisha ni orodha tu ya waliojitangaza, na njia ya zamani ya kujitangaza iliondoka pamoja na SMB1, toleo la kwanza la SMB, lugha ambayo Windows hutumia kufungua mafaili ya mashine nyingine kwenye mtandao. Andika anwani mwenyewe, \\192.168.1.20, ndipo useme halipatikani.

Aliyeniokoa ni dada wa mapokezi. "Mbona kwangu zinafunguka?" Nikamwambia haiwezekani, dada, yako nayo tumeipandisha jana. Akaigeuza laptopu. RAMANI hii hapa, folda zote ndani. Nikaenda kwenye ile kongwe ya kuchapia, nayo inafungua.

Basi boksi zima, waya mzima, folda nzima. Windows 10 inaingia, Windows 11 Home inaingia, Windows 11 Pro haiingii. Hapo nilivuta kiti, nikaanza kusoma badala ya kuchezea.

Kumbe toleo 24H2 limekuja na mambo mawili kwa wenye Pro. La kwanza, kompyuta inadai kila ujumbe wa SMB utiwe saini, ili mtu aliyejibanza katikati ya njia asiweze kuugeuza. La pili, haikubali tena kuingia mahali kama mgeni asiye na jina. Home haikuwekewa masharti hayo.

Na boksi letu? Fundi aliyelifunga miaka sita iliyopita aliliacha wazi, yeyote aingie. Kompyuta ilikuwa ikipiga hodi kwa jina la mtumiaji wake, boksi linajibu "huyu simjui, lakini aingie kama mgeni", na kompyuta inakubali kimyakimya. Ofisi nzima, pamoja na Mzee mwenyewe, ilikuwa ikiingia kwenye ramani zake kama mgeni, na hakuna aliyejua.

Haya mawili yanakutana mahali pamoja. Saini hutengenezwa kwa ufunguo, na ufunguo unatokana na nywila. Mgeni hana nywila, hivyo hana cha kusainia. Nilijiandaa kumweleza Mzee kwa mifano ya benki na bahasha, lakini alinikatiza. "Ramani isiyo na saini ya mpima haipokelewi. Hata iwe sahihi mpaka milimita." Basi. Mifano nikairudisha mfukoni.

Shida ni kwamba mchoraji alikuwa na ramani ya kutoa kabla ya saa sita, na kwenye benchi alikaa mama mmoja wa Igogo, wa kule ambako nyumba zimekaa juu ya mawe na mpaka wa kiwanja unapita kwenye ufa wa mwamba. Alisikia kelele zetu. "Mwanangu, bikoni zangu bado zimo humo?" Nikamwambia zimo mama, mlango tu umegoma.

Nikachukua njia ya mkato. PowerShell, dirisha la amri la Windows, kama msimamizi, mashine ya mchoraji peke yake, mistari miwili:

Set-SmbClientConfiguration -RequireSecuritySignature $false
Set-SmbClientConfiguration -EnableInsecureGuestLogons $true

Z ikafunguka, ramani ikatoka, mama akaondoka na bahasha yake.

"Sasa fanya hivyo kwenye zote," Mzee akasema, "ukapumzike."

Kusema kweli ningeweza. Mafundi wengi wanaishia hapo, na mteja anafurahi. Lakini ukutani, juu kidogo ya lile benchi, kuna karatasi ya A4 yenye nywila ya Wi-Fi kwa ajili ya wateja, na Wi-Fi hiyo ni mtandao uleule wa boksi. Nilikaa pale alipokaa yule mama, nikatoa simu yangu, nikafungua programu ya mafaili, nikaandika anwani. RAMANI. Hakuna aliyeniuliza jina. Nikatengeneza folda tupu humo ndani, nikaifuta, Mzee akitazama juu ya bega langu.

Alinyamaza kwa muda. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," akasema. "Hawa wamekaa miaka sita."

Basi kazi imebadilika. Hatulegezi kufuli za kompyuta. Tunalifundisha boksi kuwajua watu wake.

Jumatano

Nywila ya msimamizi wa boksi haijulikani. Fundi wa zamani yuko Geita, kwenye kazi za mgodini, simu haipatikani. Nimemwachia ujumbe WhatsApp, tiki moja.

Nyuma ya boksi kuna kitobo cha kubonyeza kwa pini. Kwenye boksi la aina hii ukibonyeza mpaka lilie mara moja kisha ukaachia, linafuta nywila ya msimamizi na mipangilio ya mtandao, data inabaki. Ukiendelea kubonyeza unaanza kuliambia lijisakinishe upya. Kati ya hayo mawili kuna sekunde chache. Kwa ramani za watu siendi kwenye kitobo hicho kabla sijanakili kila kitu, na nimemwambia Mzee hivyo, akatoa hela ya diski ya nje bila kuuliza. Hiyo ni mara ya kwanza tangu tufahamiane.

Nimeanza kunakili kupitia laptopu ya mapokezi. Megabaiti 11 kwa sekunde. Piga hesabu: terabaiti 1.4 kwa mwendo huo ni saa 35. Mwendo wa 11 una harufu yake, ukiuona tu jua mahali fulani kuna kitu cha megabiti 100. Ni swichi. Kaswichi ka plastiki kalikonunuliwa kwa bei ya chipsi mayai, kameinyonga ofisi nzima miaka yote hii, na vijana wa droni walikuwa wakidhani picha zao "ni nzito". Nimechomoa boksi na laptopu nikavichomeka kwenye raota moja kwa moja, ambayo matundu yake ni ya gigabiti. Megabaiti 100. Chini kidogo ya saa nne, imekwisha.

Katikati, umeme ulikatika. UPS, betri ya akiba, ilishika boksi na raota, ikalia robo saa nzima, umeme ukarudi. Nilikuwa nimesimama muda wote huo utadhani kusimama kwangu kunasaidia.

Nilipomaliza nilifungua mafaili ishirini hivi kutoka kwenye nakala, ya folda tofauti, ya zamani na ya wiki hii. Yote yanafunguka. Ndipo nikachukua pini. Mlio mmoja, nikaachia.

Halafu boksi likatoweka. Hata ile laptopu ya mapokezi na mashine kongwe hazilioni. Dakika mbili hizo sitaki kuzieleza. Nilikuwa nimesahau nilichokiandika mwenyewe aya nne juu: mipangilio ya mtandao nayo inafutwa. Boksi lilikuwa limeomba anwani mpya kwa raota na kupewa .37. Nimelirudisha .20 na kulitengea anwani hiyo kwenye raota isichukuliwe na mwingine.

Alhamisi

Siku nzuri, ndefu.

Nimepandisha programu ya ndani ya boksi, ambayo haikuguswa tangu linunuliwe. Humo ndani, kama kwenye maboksi mengi ya namna hii, inayofanya kazi ya kuzungumza na Windows ni Samba. Aliianzisha Andrew Tridgell huko Australia mwanzoni mwa miaka ya 1990, na jina alilipata kwa kutafuta kwenye kamusi maneno yenye herufi s, m na b kwa mfuatano huo. Angekuwa Mswahili asingehangaika na kamusi, kazi yenyewe ni kusambaza.

Mipangilio: toleo la chini kabisa SMB2, la juu SMB3. Saini imewashwa. Mgeni amezimwa. Watumiaji saba, makundi matatu: wapimaji na wachoraji wanaandika, mapokezi wanasoma tu. Dada wa mapokezi hakulifurahia hilo. Nimemwambia, dada, siku faili likifutika wewe utakuwa wa kwanza kutoshukiwa. Akaona lina maana.

Kuwaingiza watu ndiko kulikokula siku. Mambo matatu yalijirudia.

Mosi, PIN. Kila mtu akiulizwa nywila anaandika zile tarakimu nne anazofungulia kompyuta asubuhi. PIN ile inaishi ndani ya mashine hiyo tu, haitoki kwenda kupiga hodi kwa mtu. Nywila ya boksi ni kitu kingine. Nimelisema hili mara saba kwa watu saba, na Mzee mara mbili.

Pili, kosa namba 1219. Windows haikubali kuingia kwenye boksi moja kwa majina mawili tofauti kwa wakati mmoja, na mashine mbili zilikuwa bado zimeshikilia muunganisho wa jina la zamani. Amri ya net use * /delete inakata yote, kisha unaingia upya. Tahadhari, inakata na ya wengine uliyokuwa umeyafungua. Ambako hata hiyo haikutosha, nilikuta jina la zamani limehifadhiwa kwenye Credential Manager, mahali Windows inapotunza majina na nywila. Nikalifuta, nikazima mashine na kuiwasha.

Tatu, jina lenyewe. Mashine moja ilikuwa ikilitangulizia jina la mtumiaji jina la kompyuta yake, boksi linalitafuta halilioni. Ukiandika jina la boksi kwanza, mkwaju wa nyuma (\), halafu jina la mtu, linakubali.

Kwenye mashine ya mchoraji nimeirudisha ile mistari miwili ya Jumanne ilivyokuwa, $true kwa saini na $false kwa mgeni. Niliiandika kwenye kiganja siku ileile ili nisisahau, na ilibidi niiandike tena mara mbili baada ya kunawa. Kisha amri ya Get-SmbConnection, inayoonyesha toleo la SMB linalotumika: 3.1.1 kwenye zote nne. Simu yangu, kutoka kwenye benchi la wateja: inaulizwa jina na nywila.

Saini ina gharama yake. Prosesa ya boksi hili ni ya zamani, na kunakili faili kubwa kumeshuka kutoka megabaiti 100 hivi hadi karibu 80. Lakini swichi mpya ya gigabiti imefungwa leo, kwa hiyo kwa vijana wa droni, waliotoka kwenye 11, huo ni mbio tu. Mmoja amekuja kuniuliza nimeongeza nini. Swichi, nikamwambia, usimshukuru mtu.

Ijumaa

Nilidhani nimemaliza. Saa tatu mchoraji ananipigia: "Kaka, fotokopi haitumi skani."

Mashine ya fotokopi ilikuwa ikiskani na kutupia kwenye folda ya SKANI iliyo ndani ya kompyuta ya mchoraji. Hapa mwendo umegeuka, safari hii ni kompyuta inayopigiwa hodi. Na fotokopi hiyo inajua lugha moja tu, SMB1. Windows 10 iliacha kuja na SMB1 tangu toleo la Oktoba 2017, lakini mtu aliiwasha kwa mkono kwenye mashine ya mchoraji. Mimi Jumatatu nikaifuta mashine hiyo na kuanza upya, na SMB1 ikaenda na maji.

Kuiwasha ni kutia tiki moja. Mzee aliniuliza kwa nini nisiitie, wakati fotokopi ni ya ndani na haina ubaya. Nikamkumbusha Mei 2017, kile kirusi cha WannaCry kilichofunga kompyuta dunia nzima na kuvuruga hospitali za Uingereza mpaka wagonjwa wakarudishwa nyumbani. Kilipita kwenye tundu la SMB1, na marekebisho ya tundu hilo yalikuwa yametolewa Machi ya mwaka huohuo. Waliochelewa kuyaweka ndio waliolia. Ubaya hauko kwenye fotokopi. Uko kwa yeyote mwingine atakayekuta mlango huo wazi.

Fotokopi inajua FTP, njia nyingine ya zamani ya kutuma mafaili. Siipendi FTP, nywila yake inapita kwenye waya bila nguo. Lakini nimeiwekea mtumiaji wake kwenye boksi, anaitwa fotokopi, haoni kitu kingine zaidi ya folda ya SKANI, na FTP ya boksi inakubali anwani ya mashine hiyo peke yake. Akiibiwa nywila, mwizi atapata nakala za vitambulisho na risiti za wiki moja, kwa maana kila Ijumaa folda hiyo inahamishiwa RAMANI na kusafishwa. Siyo sifuri. Nimemwambia Mzee siyo sifuri, na kwamba dawa ni fotokopi mpya. Amesema "tutaona".

Mashine kongwe ya kuchapia nimeipa jina na nywila yake kwenye boksi na kuikata intaneti. Inachapa tu. Nayo ipo kwenye "tutaona".

Jumamosi

Nusu siku. Raota ina uwezo wa kutoa Wi-Fi ya pili ya wageni isiyoonana na ya ofisi, nimeiwasha. Karatasi ya ukutani imebanduliwa, ikabandikwa mpya yenye jina jipya. Wi-Fi ya ofisi nimeibadilishia nywila, simu zote za wafanyakazi zimeingizwa upya, kelele kidogo.

Diski ya nje tumeipangia kazi: kila Jumamosi inachomekwa kwenye boksi, inanakili yenyewe yaliyobadilika, kisha inachomolewa na kwenda nyumbani kwa Mzee, Capripoint. Ikibaki imechomekwa, siku kirusi kikija kitaondoka nazo zote mbili.

Nimeinua kibodi ya Mzee ili nipanguse vumbi. Chini yake kuna kikaratasi, nywila yake ya boksi, kwa wino mwekundu, mistari miwili chini yake. Nimekirudisha kama kilivyokuwa. Jumatatu nitazungumza naye.

Saa saba mchana, nikiwa nasubiri daladala, simu imelia. Fundi wa Geita amejibu: "Samahani kaka nilikuwa chini. Pasiwedi ya lile boksi ni admin, zote ndogo." Nimemwandikia asante sana kaka, nimeshaingia.